Nyongeza ya pensheni ni kiganja, sio kopo

Juzi baada ya alasiri hapa Langoni, Lamu, kulikuwa na mabishano barazani, ami mmoja anasema akihama wizara akaingia kaunti atapata nyongeza ya pensheni, mwenzake anamwambia wapi, ukihama nyongeza yako yote inapotea. Wote wawili wamekosea, na makosa yao ni mamoja. Hili neno linanikera kidogo likitumiwa hivi, maana watu wanafanya maamuzi ya maisha yao kwalo.

Nyongeza ya pensheni ni kile kinachowekwa juu ya pensheni ambayo ishaanza kulipwa, ili bei za vitu zisiimalize. Kwa wastaafu wa serikali ya Kenya chini ya mfumo wa zamani ni asilimia 3 kila baada ya miaka 2. Basi.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Nenda sokoni kando ya ngome ununue pojo kwa kopo. Muuzaji anajaza, anagongagonga kopo zikae, anajaza tena mpaka zinafanya kilima, anakumiminia mfukoni, halafu wewe unamwambia niongeze basi, anachota kiganja anakutilia. Kile kiganja ndio nyongeza. Zile za kwenye kopo, hata kama kazijaza polepole na kwa ukarimu, hakuna anayeziita nyongeza, kile ni kipimo chako. Nyongeza inakuja kipimo kishamalizika.

Na pensheni ni hivyohivyo. Unapokuwa kazini bado kopo linajazwa. Kwenye ule mfumo wa zamani hesabu ni mshahara wako wa mwaka unapostaafu, zidisha kwa miezi uliyotumika, gawanya kwa 480, kwa hivyo kinachokua ni miezi na mshahara, nyongeza haijaingia hapo kabisa. Skimu mpya ya pensheni ya watumishi wa umma iliyoanza Januari 2021, ambayo wenye chini ya miaka 45 waliingizwa moja kwa moja, ni akaunti ya michango, wewe asilimia 7.5 na serikali 15, na faida ya uwekezaji inaingia humo. Ile faida pia watu wanaiita nyongeza. Sio. Ni kopo linajaa.

Wenzetu Uingereza wametenganisha vizuri. Kule mwalimu aliye kazini, kila kipande cha pensheni alichokwisha chuma kinakuzwa kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei na asilimia 1.6 juu yake, lakini akishastaafu anapata mfumuko wa bei peke yake. Watumishi wa serikali za mitaa hata kazini wanapata mfumuko wa bei tu. Sasa mwalimu akihamia huko kwa ule utaratibu wa skimu za umma kupokezana wanachama, miaka yake ya ualimu inaendelea kukuzwa kwa kanuni ya walimu, na miaka mipya kwa kanuni ya mahali papya, kopo mbili ndani ya mfuko mmoja. Ndio maana hesabu ya kuhama inataka uangalifu wa tarehe: kipande kilianza kukuzwa lini, kimeshakuzwa mpaka mwezi gani, maana miezi ileile ikihesabiwa na skimu mbili mtu analipwa zaidi na baadaye anadaiwa, na ikirukwa na zote mbili amedhulumika. Hata mwaka wa kwanza wa kustaafu nyongeza kule haiji nzima, unapata sehemu yake tu, kulingana na miezi uliyokwisha kulipwa pensheni.

Kwa hivyo ami, kwa heshima zote, ukienda ofisini usiulize "nyongeza yangu iko wapi", watakujibu hujastaafu na watakuwa sawa. Waulize miaka yako ya wizara inabaki chini ya kanuni gani mpaka siku ya kustaafu, inahesabiwa kwa mshahara upi, wa wizara au wa kaunti, na uombe jibu kwa maandishi kabla hujatia sahihi ya kuhama. Ile asilimia 3 utaiuliza baadaye, ushaanza kulipwa.