Maana za "put off" na namna ya kuitambua inayokusudiwa

Mwanafunzi anayejua kwamba "put" ni kuweka na kwamba "off" huashiria kuondoka au kutengana hushangaa anapoambiwa kwamba "put off" ni kuahirisha. Mshangao huo ni kama wa mgeni anayejifunza Kiswahili akagundua kwamba katika kupiga pasi, kupiga deki na kupiga simu hakuna anayepigwa. Maneno mawili yameshikana na kupata maana yao wenyewe, na njia nzuri ya kuitambua maana hiyo ni kuangalia yambwa, yaani kile kinachotendwa: je, ni shughuli, ni mtu au ni kifaa?

Ikiwa ni shughuli, maana ni kuahirisha, au kama wasemavyo waandishi wa michezo, kupiga kalenda. "They put off the wedding until August" humaanisha kwamba waliisogeza harusi hadi Agosti. Harusi bado ipo. Ingefutwa kabisa, Mwingereza angesema "called off", na anayeyachanganya haya mawili anaweza kujikuta amerudisha nguo ya harusi dukani bila sababu. Tena, anayeahirisha huwa ameamua mwenyewe, ndiyo maana ndege iliyocheleweshwa na ukungu huitwa "delayed". Mara nyingi "put off" hudokeza uzito wa moyo au woga, jambo ambalo "postpone", neno la barua na vikao, halina. "I keep putting off going to the dentist" ni kauli ya mtu ambaye jino linamuuma na bado haendi kwa daktari. Kitenzi kinachofuata huchukua "-ing", kwa hiyo "put off to go" ni kosa, ingawa kwetu sisi tuliozoea kusema "kuahirisha kwenda" linasikika sawa kabisa.

Yambwa akiwa mtu, mambo huwa mapana zaidi. "He put me off with excuses" ni kusema kwamba alinipiga danadana, kama afanyavyo mdaiwa anayemwambia mdai wake aje kesho, na kesho ikifika humwambia kesho kutwa. Lakini "the smell put me off" haihusu muda hata kidogo: harufu ilinikata hamu. Kinachochukiwa kikitajwa, hufuata moja kwa moja, kama katika "it put me off fish for years", yaani tukio hilo lilinifanya nisitake samaki kwa miaka mingi. Kutokana na maana hii kikazaliwa kivumishi "off-putting", kinachoelezea kitu kinachomfanya mtu asivutiwe. Waingereza wana matumizi mengine tena: mtu anayehesabu fedha huku mwenzake akipiga soga atasema "you're putting me off", yaani unanivuruga. Sentensi fupi kama "she put him off", ikisimama peke yake, yaweza kubeba yoyote kati ya maana hizi, na ni mazungumzo yanayoizunguka tu yatakayoamua.

Kuhusu kifaa, Waafrika Mashariki wengi husema "put off the lights" kwa maana ya kuzima taa, ilhali Waingereza wa leo husema "turn off" au "switch off". Sioni haja ya kulionea aibu neno linaloeleweka, ila katika mtihani unaosahihishwa Uingereza ni salama zaidi kutumia "switch off". Ipo pia maana ya zamani ya kuvua. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Musa anaambiwa kwenye Kutoka 3:5 "put off thy shoes", pale ambapo Biblia yetu husema "vua viatu vyako".

Kuhusu mpangilio, unaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", lakini kiwakilishi lazima kikae katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Umbo la wakati uliopita ni "put" vilevile, kwa hiyo "they put off the meeting" yaweza kuwa desturi yao au jambo la jana, ilhali "he put it off" ni ya wakati uliopita tu, kwa kuwa ya sasa ingedai "puts".