“Poland ni Kraków tu, kwingine feki”

Wiki iliyopita nimelisikia tena. Mteja wangu, muuguzi anayefanya kazi Ujerumani, ana likizo ya siku tisa na anataka kuzunguka miji ya kale ya Poland peke yake. Nikampangia njia: Warszawa, Toruń, Malbork penye ngome, Lublin, Zamość, amalizie Kraków. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: “Kaka, hiyo mingine ya nini? Si ilipigwa mabomu yote? Nimeambiwa majengo ni feki, ya kweli yako Kraków tu.”

Mwaka wa tisa huu nawapangia safari watu wetu wasiotaka kutembea kwa makundi nyuma ya mtu aliyeshika mwavuli. Mengi nayavumilia, lakini hili limenichosha, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Wanaolisema wamechukua habari ya Warszawa wakaivisha nchi nzima. Warszawa ilibomolewa, hilo halina ubishi. Baada ya wakazi kuwaasi Wajerumani mwaka 1944, Wajerumani waliilipua na kuichoma mtaa baada ya mtaa, kwa makusudi, na kwa maelezo ya UNESCO zaidi ya asilimia 85 ya mji wa kale iliangamia. Gdańsk nayo iliteketea 1945. Lakini Toruń, mji wa matofali ya kuchoma alikozaliwa mwanafalaki Copernicus mwaka 1473, ulipita vita vile ukiwa mzima. Ukiona magofu ya ngome pale kando ya mto Vistula, usimlaumu Hitler. Wenyeji wenyewe waliivunja mwaka 1454 walipochoshwa na watawa wapiganaji wa Kijerumani waliokuwa wakiwatawala. Zamość ni vilevile: mji uliochorwa wote kwenye karatasi kabla ya kujengwa, kazi ya Bernardo Morando, msanifu kutoka Padua, kwa agizo la tajiri Jan Zamoyski mwaka 1580. Uwanja wake wa soko, nyumba za rangi za wafanyabiashara wa Kiarmenia, varanda za matao unazoweza kuzunguka nazo mvua ikinyesha usilowe, vyote vipo. Sandomierz upo juu ya kilima chake. Na Lublin, ndani ya kanisa dogo la ngome, dari na kuta zimejaa michoro ya mwaka 1418 ya mtindo wa makanisa ya mashariki, ndani ya jengo la mtindo wa magharibi. Nimeingia humo mara nyingi na sijawahi kutoka kabla ya kuambiwa muda umekwisha.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya nipandishe sauti: hata Warszawa yenyewe si “feki”.

Kabla ya vita wanafunzi na walimu wa usanifu walikuwa wameshapima nyumba za Mji Mkongwe ule na kuzichora. Vita ilipoendelea michoro ikatoroshwa na kufichwa kwenye nyumba ya watawa huko Piotrków. Zikatumika pia picha za Bernardo Bellotto, Mtaliano aliyeichora Warszawa karne ya 18 kwa ajili ya mfalme. Picha hizo zimetundikwa kwenye Kasri la Kifalme, na mimi humwambia kila mteja aanze nazo, kisha atoke nje atafute nyumba alizoziona. Matofali yalisombwa kutoka kwenye vifusi vya miji mingine, Wrocław ikiwemo. Uwanja wa soko ulifunguliwa Julai 1953, na mwaka 1980 UNESCO iliuingiza mji huo kwenye Urithi wa Dunia kwa sababu ya ujenzi huo wenyewe. Unachokwenda kutazama pale ni watu walioamua kwamba mji wao hautafutwa.

Kuna mteja mmoja wa Unguja nilimuuliza tu: sehemu ya Beit-el-Ajaib ilipoanguka Desemba 2020, siku ikisimama tena utaiita feki? Akanyamaza. Siku tatu baadaye akalipia hoteli Warszawa.

Halafu kila mji ulijijenga kwa hoja yake. Gdańsk walirudisha sura za mbele za nyumba lakini wakachagua zama: walipendelea mtindo wa Kiholanzi wa karne za zamani, wakaacha yale ya karne ya 19 yaliyonuka Ujerumani. Elbląg waliuacha mji wao wa kale kiwanja kitupu kwa miongo, kisha kuanzia miaka ya 1980 wakajenga nyumba za kisasa juu ya misingi ya viwanja vya kale, zenye umbo la zamani lakini zisizojifanya za zamani. Ukiiona Warszawa, Gdańsk na Elbląg kwa mfuatano huo utajifunza mengi kuliko usiku wa nne Kraków.

Na hao wanaotafuta “mawe ya kweli” wasimame kidogo Zamość. Nyumba zilibaki, lakini watu hawakubaki. Wayahudi, waliokuwa sehemu kubwa ya wakazi, waliuawa. Sinagogi lao la karne ya 17 limesimama zuri kabisa, waumini hakuna. Lublin nayo, bustani na maegesho unayoyaona chini ya ngome ilikuwa mitaa ya Wayahudi. Ukipita pale ukasema “huu mji ni orijino”, kuna swali hujaliuliza.

Basi. Madai mengine ninayoyasikia nitayapitia kwa haraka.

“Bila gari hufiki.” Unafika. Warszawa hadi Kraków ni kama saa mbili na nusu kwa treni ya kasi, Lublin ni kama saa mbili, Gdańsk hadi Malbork haifiki saa moja. Malbork ukishuka unatembea kwa miguu hadi ngomeni. Zamość panda basi kutoka Lublin, usisubiri treni. Mji mdogo wa Kazimierz Dolny hakuna treni kabisa, ni basi pia. Kinachowapoteza watu ni maneno mawili ya kwenye tiketi na ubao: peron ni jukwaa, tor ni njia ya reli. Jukwaa moja lina njia pande zote mbili. Mteja aliyesimama “peron 3” huku akisoma namba ya tor amewahi kunipigia simu akiwa anaelekea upande wa pili wa nchi. Jambo la pili, kampuni za treni ni zaidi ya moja na tiketi ya moja haikupandishi ya nyingine, hata kama zote zinakwenda Toruń. Na ukienda Toruń shuka Toruń Miasto ikiwa treni yako inasimama hapo. Toruń Główny ndicho kituo kikuu, lakini kiko ng’ambo ya mto, utaburuza sanduku darajani bila sababu. Mjini, tiketi ya karatasi ya tramu haina maana mpaka uigonge kwenye kimashine ndani ya tramu. Mkaguzi hatakuhurumia kwa kuwa mgeni.

“Wanatumia euro.” Hapana, zloti. Ofisi za kubadilishia zinaitwa kantor. Usisome tangazo la “bila komisheni”, tazama pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. ATM ikikuuliza kama ikukatie kwa fedha ya kwenu, kataa.

“Kirusi kitanisaidia, si ilikuwa Sovieti?” Poland haikuwahi kuwa jamhuri ya Umoja wa Kisovieti, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kununisha meza nzima kuliko kuwaambia hivyo. Kipolandi kinaandikwa kwa herufi kama zetu. Jifunze kwamba Ł husomwa kama W yetu, basi nusu ya majina ya vituo yatafunguka.

“Kule hatuna uhusiano nako.” Hili huwa nawajibu watu wa Arusha kwanza. Kuanzia 1942 Wapolandi waliokuwa wamepelekwa uhamishoni Siberia na Asia ya Kati na Wasovieti walifika kwetu kupitia Uajemi, wengi wao wanawake na watoto. Tengeru peke yake ilikuwa na takriban 5,000. Wengine walikaa Ifunda, Kidugala, na Masindi na Koja kule Uganda. Makaburi yao Tengeru yapo mpaka leo. Ukisema unatoka Tanzania kwenye behewa lenye wazee, usishangae mmoja akilitaja jina la Tengeru.

“Mweusi hawezi kutembea peke yake miji midogo.” Siwezi kukwambia hutatazamwa. Utatazamwa, na bibi wa dirishani Sandomierz hatajificha. Nimetukanwa mara mbili kwa miaka yote hii, zote usiku, na walevi waliotoka mpirani, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi usiku nakaa mbali na vijana waliolewa. Mchana hali ni nyingine, na dawa yangu ni ya kizamani: salamu. Ukiingia duka dogo, lifti au chumba cha treni, sema “dzień dobry”, tamka jen dobri. Wao pia wana adabu ya kuamkia kabla ya kuomba, na asiyeamkia ndiye anayenuniwa.

“Muislamu atakufa njaa.” Jamani. Mama mmoja wa Tanga alibeba sanduku zima la tambi na dagaa, akalirudisha nusu. Kebabu ziko kila kona, ingawa uulize kama ni halali. Kwenye bar mleczny, mikahawa ya bei nafuu ambako unapanga foleni na kuagiza kwa karani, kuna pierogi ruskie, zilizojazwa viazi na jibini laini, na placki, chapati za viazi za kukaanga. Tahadhari yangu ni mbili. Pierogi hizo humwagiwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa, kwa hiyo agiza “bez skwarek”. Na ule mkate wa bure wenye kikopo cha kitu cheupe cha kupaka, smalec, ni mafuta ya nguruwe, si siagi. Anayetaka kuswali kwenye historia aende Kruszyniany, kijiji cha Watatari, Waislamu wa Poland, chenye msikiti wa mbao wa karne ya 18.

“Ubalozi wowote wa Schengen utanipa viza.” Schengen ni nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Ukilala tano Poland na mbili Ujerumani, nenda Poland. Muuguzi wangu ana kibali cha kuishi Ujerumani, haimhusu.

Amekubali Toruń, tunabishania Zamość. Nimeshamwambia asipange Malbork wala majumba ya makumbusho Jumatatu kabla ya kutazama tovuti yao, maana mengi hufungwa, na Jumapili maduka makubwa hufungwa karibu yote. Anunue mkate Jumamosi.