Fizi na sukari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayefanya kazi ya meno hapa Moshi hamalizi wiki bila kuisikia hii: "Dokta, mimi nina kisukari, fizi usiniguse." Anayeisema si mjinga. Ameona ndugu mwenye kidonda cha mguu kisichofunga, akajumlisha mwenyewe. Kwa bahati mbaya, kinywani hesabu hiyo inatoka kinyume.

"Mwenye kisukari haguswi kinywani, hatapona"

Sukari ikikaa juu muda mrefu, kidonda huchelewa kupona. Hilo ni kweli. Ndiyo maana ikiwa imepanda sana, kazi isiyo ya haraka huahirishwa mpaka itulie. Lakini fizi inayovuja damu ni kidonda tayari, na kuiacha hakuiponyi. Jipu la jino ndilo halisubiri kabisa, maana maambukizi yenyewe hupandisha sukari.

Kinachowaumiza wengi kuliko kuguswa ni njaa. Mtu anatoka Rombo alfajiri, amemeza dawa ya sukari, hajala kwa sababu alidhani ni kama siku ya kupimwa damu. Ikifika saa nne yuko kwenye benchi, jasho linamtoka, mikono inatetemeka: sukari imeshuka. Ganzi ya kinywani haitaki mtu afunge. Kunywa mtori wako, tumia dawa kama kawaida, njoo na kadi ya kliniki.

"Meno ni meno, sukari ni sukari"

Hapa pana mengi. Uhusiano huu unakwenda pande mbili. Sukari isiyodhibitiwa hudhoofisha kinga na mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi huugua upesi na huharibika zaidi; mwaka 1993 mtaalamu wa fizi Harald Löe aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita linaloletwa na kisukari, baada ya yale ya macho, figo, neva, mishipa na vidonda kuchelewa kupona. Upande wa pili, fizi iliyovimba muda mrefu humwaga kwenye damu kemikali za uvimbe, na kemikali hizo huifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake sawasawa. Mgonjwa anakunywa dawa, anapunguza ugali na ndizi, na bado namba hazishuki.

Je, fizi zikitibiwa sukari inashuka? Inashuka, kidogo, ila kweli. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 35 zenye watu zaidi ya 3,200. Kipimo kilichotumika ni HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu. Waliotibiwa fizi walishuka kwa wastani wa asilimia 0.43 baada ya miezi mitatu hadi minne, na asilimia 0.30 kwenye miezi sita, wakilinganishwa na wasiotibiwa au waliopewa huduma ya kawaida tu. Yaani aliyekuwa na 8.5 anaelekea 8.1. Mtu anayepambana na kipimo hicho anajua kushuka kiasi hicho kunavyotoa jasho.

Kuna utafiti unaopinga, na usifichwe. Mwaka 2013 Marekani walifuatilia watu 514. Baada ya miezi sita HbA1c haikutofautiana. Wakosoaji walionyesha kwamba baada ya matibabu vinywa vingi bado vilikuwa na utando, ule uchafu wa bakteria unaoganda kwenye meno, na fizi zinazotoa damu. Mwaka 2018 ukatoka utafiti wa London, watu 264, matibabu ya nguvu na ya kurudiarudia: baada ya mwaka tofauti ilikuwa asilimia 0.6. Ni utafiti mmoja tu kwa kipindi hicho, lakini nikiuweka kando ya ule wa Marekani naona jibu moja: fizi iliyosafishwa nusunusu haimsaidii mtu sukari.

"Basi nikitibiwa fizi naacha vidonge"

Hapana. Asilimia 0.4 haichukui nafasi ya metformini wala insulini. Dawa hupunguzwa na daktari wa kisukari akishaona vipimo.

"Kukwanguliwa kunalegeza meno"

Hii naielewa kuliko zote, kwa sababu mgonjwa anakwenda nyumbani na ushahidi mdomoni: meno yaliyokuwa yamekaza sasa yana mianya. Nyuma ya meno ya mbele ya chini, mahali mate yanapotokea, ugaga, yaani utando uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, hujijenga mpaka unakuwa ukuta mmoja wa rangi ya njano iliyokolea, umeunganisha meno manne au sita. Ukiuondoa, vipande vinadondoka kwenye sinki vikilia kama changarawe. Nyuma yake mfupa ulishaliwa zamani. Ugaga ulikuwa unaficha pengo, na fizi iliyojaa uvimbe nayo ilikuwa inaliziba. Uvimbe ukishuka, pengo linaonekana.

Kabla ya kukwangua tunapima kwa kijiti chembamba chenye alama. Kina cha milimita 1 hadi 3 kati ya jino na fizi ni sawa. Ukisikia zinatajwa 5, 6, 7, hapo kusafisha juujuu hakutoshi; inabidi kuingia chini ya fizi, kwa ganzi, pengine kwa siku zaidi ya moja.

"Damu ikitoka, punguza kupiga mswaki"

Fizi yenye afya haitoi damu ikipigwa mswaki laini. Damu ni dalili ya utando uliobaki, na ukipunguza mswaki unauongeza. Kwa mvuta sigara mambo ni magumu zaidi: sigara huficha damu, anajiona mzima huku mfupa unaisha. Maumivu nayo usiyasubiri, ugonjwa huu kwa kawaida hauumi mpaka jino limeanza kucheza. Maji ya chumvi hutuliza, karafuu hupoza. Ugaga hautoki kwa vyote viwili.

"Nimeshanunua dawa ya duka"

Amoksilini ya siku tano haiwezi kupenya utando uliogandana kwenye mzizi wa jino. Uvimbe unapoa wiki mbili, unarudi. Msingi ni kuondoa uchafu kwa vifaa. Antibayotiki daktari huiongeza kwa wachache wenye sababu.

"Meno yangu ni ya kahawia, ndiyo maana fizi zinaumwa"

Hii ni ya kwetu hasa, watu wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Ukahawia ule unatokana na floridi nyingi kwenye maji uliyokunywa ukiwa mtoto, meno yakiwa bado yanajengeka, na magadi ya kupikia makande huongeza. Umo ndani ya jino. Kusugua kwa mkaa au mchanga kunakwangua jino na kuumiza fizi bure. Nimeona meno ya kahawia yenye fizi imara, na meno meupe kabisa yanayocheza.

"Kingekuwepo cha kusema, kliniki ya sukari wangeniambia"

Kwa ninavyoona, huko miguu inaangaliwa, macho yanaulizwa, kinywa kinapitwa. Na sisi wa meno mara nyingi hatuulizi HbA1c. Kwa hiyo habari ibebe mwenyewe: ukiwa kliniki sema fizi zinatoa damu, ukija kwetu toa namba ya kipimo chako cha mwisho. Ukishasafishwa, omba HbA1c baada ya miezi mitatu, si wiki ijayo, na urudi kukaguliwa fizi muda huohuo. Anayetumia nifedipini ya presha akiona fizi zinakua mpaka zinafunika meno aseme pia, maana dawa hiyo hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Asiiache kabla daktari hajambadilishia.