Maeneo bunge ni 290: kinachobadilika ni mipaka, si idadi

Kadiri uchaguzi wa 2027 unavyokaribia, wananchi wa sehemu nyingi za Kenya wanaomba eneo bunge lao ligawanywe. Nia yao inaeleweka, maana kwa miaka mingi fedha za maendeleo zimekuwa zikigawanywa kwa kila eneo bunge. Lakini Kifungu cha 89 cha Katiba kinasema maeneo bunge ni 290. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) haina uwezo wa kuongeza la 291, hata ikipelekewa saini elfu kumi. Ukiligawa moja, lazima mengine yaunganishwe kwingineko.

Dhana ya kwamba kila mapitio ya mipaka huleta viti vipya ina chimbuko lake. Mwaka 1963 maeneo bunge yalikuwa 117. Seneti ya wakati huo ilipoondolewa, viti vyake 41 vikajumlishwa, yakawa 158. Uchaguzi wa 1988 ulikuwa na 188, wa 1997 ukawa na 210, na wa 2013 ndio wa kwanza kwa 290. Mlango huo Katiba ya 2010 imeufunga.

Kinachohesabiwa ni wakazi, watoto wachanga wakiwemo. Hili limeelezwa mara nyingi mno, na bado watu hufika kwenye vikao vya IEBC vya kukusanya maoni na takwimu za wapiga kura waliosajiliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Gawanya kwa 290, utapata kigezo cha watu 164,015 kwa kila eneo bunge. Katika majiji, na katika maeneo yenye wakazi wachache, idadi inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 40, yaani takriban 98,400 hadi 229,600. Kwingineko ni asilimia 30: takriban 114,800 hadi 213,200.

Chukua Lamu. Kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920, hawafikii kigezo cha eneo bunge moja, ilhali ina mawili. Lamu Mashariki ilikuwa na 22,258 tu. Hata ukisogeza mpaka ili watu wagawanyike sawasawa, kila upande utapata 71,960, bado chini ya 98,400. Katika mapitio ya 2012 maeneo ya namna hii yaliokolewa na Jedwali la Sita la Katiba, lenye masharti ya mpito, lakini kinga hiyo ilikuwa ya mapitio ya kwanza peke yake.

Kupanda juu au kushuka chini ya kigezo kunahitaji sababu: umbile la ardhi na miji, uhusiano wa kijamii, kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, au njia za mawasiliano. Kuandika "sisi ni jamii moja" katika pendekezo lako kwa IEBC hakutoshi. Taja kila kata ndogo inayohusika na idadi yake ya watu kwenye sensa, ambatisha ramani inayoonyesha mto au barabara unakotaka mpaka upite, kisha ueleze eneo jirani litabaki na watu wangapi. Kipengele hiki cha mwisho ndicho husahaulika zaidi. Usichore mstari unaokata kata ndogo katikati, kwa sababu takwimu zilizochapishwa haziteremki chini ya hapo, na pendekezo lako litakosa hesabu.

Mzozo wa mpaka wa kaunti, kama ule wa Maseno kati ya Kisumu na Vihiga, haupelekwi IEBC. Huo ni wa Kifungu cha 188: tume maalumu huundwa na Bunge, kisha zipatikane thuluthi mbili katika Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya kaunti katika Seneti.

Mapitio hufanywa kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ya mwisho yalichapishwa Machi 2012, kwa hiyo muda ulikwisha Machi 2024, wakati Tume haikuwa na makamishna. Mapitio yakikamilika chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, uchaguzi huo hutumia mipaka ya zamani.

Mipaka mipya huanza kutumika Bunge linapovunjwa baada ya kuchapishwa kwake. Asiyeridhika aende Mahakama Kuu ndani ya siku 30, nayo iamue ndani ya miezi 3 tangu kesi iwasilishwe. Siku hizo 30 huhesabiwa tangu uamuzi uchapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, wala si tangu siku ulipousikia redioni.