Bima ya mtoto haikatwi katikati ya muda wake kwa sababu mshahara wa mzazi umepanda

"Nikiongezewa mshahara, Medicaid ya mtoto itakatwa." Kauli hii kuhusu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huifikia meza yangu karibu kila wiki kutoka kwa familia za Waswahili walioko Marekani, na wapo akina baba wanaokataa saa za ziada kazini kwa sababu yake, jambo linaloniudhi kwa kuwa pesa hizo huwapotea bure. Tangu tarehe 1 Januari 2024, majimbo yote yanalazimika kumwacha mtoto aliye chini ya miaka 19 ndani ya Medicaid au CHIP (bima ya serikali kwa watoto ambao kipato cha familia yao kimezidi kikomo cha Medicaid) kwa miezi 12 mfululizo tangu alipokubaliwa, hata kipato cha nyumbani kikipanda katikati. Atakayetolewa mapema ni kama yule aliyetimiza miaka 19, aliyehamia jimbo jingine, au ambaye mzazi wake ameomba atolewe.

Hofu hiyo huzaliwa na barua ya Medicaid. Mstari wa kwanza una jina la mama na kwamba bima yake imesitishwa, wa pili una jina la mtoto na kwamba yake inaendelea, na wengi huishia mstari wa kwanza. Kikomo cha kipato cha mtoto ni cha juu kuliko cha mzazi, kwa hiyo mama anaweza kutoka na mwanawe akabaki. Majimbo yalipoanza tena kuwahakiki wanachama mwezi Aprili 2023, baada ya kuisha kwa kinga ya wakati wa UVIKO-19 iliyozuia wanachama kuondolewa, watoto wengi waliondolewa kwa sababu ya fomu zisizorudishwa, nyingine zikiwa zimetumwa kwenye anwani za zamani, ilhali walikuwa bado wanastahili. Fomu ikirudishwa ndani ya siku 90 tangu bima kusitishwa, jimbo hulazimika kuipitia bila kudai maombi mapya. Badilisheni anwani wiki ileile mnayohama; sichoki kulisema hili.

Wengine hudhani kwamba mtoto asipougua serikali hailipi kitu. Majimbo mengi huzilipa kampuni za bima kiwango maalumu kila mwezi kwa kila mtoto aliyeandikishwa, awe mzima au mgonjwa, na ndiyo maana familia inayohama kimyakimya huweza kusababisha majimbo mawili yamlipie mtoto mmoja.

Kuhamishiwa CHIP nako si kufukuzwa. Serikali kuu hubeba huko kati ya asilimia 65 na 85 ya gharama, na familia, hata ikitozwa ada, haiwezi kudaiwa kwa mwaka zaidi ya asilimia 5 ya kipato chake.

Na bili ya kabla ya kuomba isitupwe: kwa kawaida Medicaid huweza kulipia matibabu ya hadi miezi 3 iliyotangulia mwezi wa maombi, iwapo mtoto alistahili wakati huo, ingawa kwa maombi ya kuanzia Januari 2027 muda huo utakuwa miezi 2.