Adimu siyo kongwe jamani

Nimetumiwa tena picha ya peni, ile sarafu ya Mwingereza, "kaka hii ni adimu, ya zamani sana, naweza kupata ngapi?" Naivuta picha naona 1967.

Fasta fasta: bei ya sarafu ya zamani inatokana na mambo matatu: zimebaki ngapi, yako iko kwenye hali gani, halafu awepo mtu anayeitaka. Umri peke yake haulipi.

Sasa hili neno adimu. Limetoka kwenye Kiarabu na asili yake ni kukosekana, kutokuwepo kabisa, ndo maana tunasema sukari imeadimika hata kama imetoka kiwandani jana. Kongwe ni habari ya umri tu. Peni za 1967 zilitengenezwa zaidi ya milioni 600, zitaadimikaje? Ila za 1933 zinazojulikana ni kama saba tu, maana mwaka ule peni zilikuwa zimejaa mabenki hakuna aliyehitaji mpya. Na sarafu za shaba za Warumi, miaka 1,600 na ushee, zipo unanunua kwa hela ya chipsi kuku, zimefukuliwa nyingi mno.

Mfalme Edward VIII ndo mfano ninaoupenda. Alijiuzulu Desemba 1936 kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia mtaani Uingereza, zikaponyoka chache tu za peni tatu walizopewa watengenezaji wa mashine za kutumbukiza sarafu wazijaribu, na hizo ni hela ndefu. Lakini zile senti kumi zetu za Afrika Mashariki zenye tundu, za 1936, zina jina lake huyohuyo! Tundu liko katikati hakuna pa kuweka sura, kwa hiyo hazikumsubiri apigwe picha, zikatoka kwa mamilioni. Bibi yako anazo kwenye kopo.

Hali nayo wanaikosea, wanadhani ni usafi. Hali ni kulika: nywele za mfalme bado zinaonekana moja moja au kichwa kimebaki kama kivuli? Ukiisugua na ndimu na majivu ing'ae unakwangua ngozi yake ya juu, mnunuzi anaijua kwa jicho tu na anashusha bei.

Kwa hiyo kaka wa 1967, sema una peni kongwe, hapo hujakosea. Na hiyo ndimu kamulia mchuzi.