Mwalimu, Hakuna Aliyelala Shimoni

Ijumaa iliyopita nililisikia tena. Basi la shule lilisimama, watoto arobaini na kitu wakateremka, na kabla sijafungua kinywa mwalimu wao akawapanga kwenye ukingo wa shimo la kwanza na kuwaambia habari za Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa sehemu hizi: "Hapa ndipo Wasirikwa walipokuwa wakilala." Wakaandika. Wote! Nimewatembeza wageni muda mrefu hapa Hyrax Hill, kilima cha mabaki ya kale karibu na Nakuru, na sentensi hiyo inanichosha kuliko jua la Februari. Kwa hiyo wewe unayepanga kuleta familia Nakuru likizo hii, soma kwanza, tusije tukagombana mbele ya watoto wako.

Mambo ya safari niyamalize haraka. Kilima kiko kama kilomita nne kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Matatu ya kwenda Gilgil itakushusha kwenye njia panda, kisha utembee kidogo. Vaa viatu vya kufunika, kwa sababu ni mawe matupu huko juu. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, basi simu iwe na chaji. Njoo asubuhi, mvua ya Nakuru ikifika saa tisa alasiri haina adabu.

Na tenga nusu siku. Watu hupanga nusu saa kwa sababu wanaona nyumba ndogo, wakadhani hiyo ndiyo makumbusho. Ile ni nyumba ya shamba la mlowezi, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1965. Makumbusho yenyewe ni kilima. Vilivyomo ndani ya kabati, vigae, vipande vya obsidiani (jiwe la volkano linalong'aa kama kioo), bakuli za mawe, vyote vilitoka hapo nje, na ukianza na kabati utaona mawe tu. Mimi huwaanzisha wageni nje, nyumba tunaiingia mwisho, wakiwa wameshachoka na wana maswali.

Sasa hayo mashimo. Ni mabonde ya mviringo, mengine upana wake unapita mita kumi, yamejaa nyasi na udongo ulioporomoka, kwa hiyo leo unaona kina kidogo tu. Yako mengi nyanda za juu za magharibi na sehemu hii ya Bonde la Ufa. Mtu akiliona moja kwa mara ya kwanza, akili inakimbilia nyumba: duara, limechimbwa, lina mlango. Hata wataalamu wa mwanzo walidhani hivyo. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikiona kilima hiki mwaka 1926, mwenzake Mary Leakey akachimba mwaka 1937 na 1938, na wazo la makao ya shimoni lilikaa vitabuni miaka mingi. Sitamcheka mtu. Mimi mwenyewe nilipoanza niliwaeleza wageni hivyo hivyo msimu mzima, kwa sauti ya kujiamini.

Aliyenitikisa ni mtoto wa gredi ya nne aliyeuliza, "Na mvua ikinyesha?" Nikanyamaza. Aliyenimaliza ni mzee mmoja mfugaji kutoka Kuresoi, aliyeletwa na wajukuu wake. Hakusoma kibao. Alizunguka ukingo polepole, akaenda upande wa chini wa mteremko, akagonga ardhi kwa bakora. "Binti, hapa ndipo mlango. Maji yanatokea hapa, na samadi inatolewa hapa." Kisha akanyoosha bakora kwenye tuta lililo pembeni: "Si ndiyo ile?"

Ndiyo ile. Tuta hilo ni samadi na majivu na takataka za miaka mingi, zilizofagiliwa kutoka zizini na kumwagwa karibu na mlango. John Sutton, mwanaakiolojia aliyechimba upya hapa miaka ya 1980, alieleza jambo hilo hilo kwa kurasa nyingi: shimo lilikuwa zizi, halikuwa na paa, na ng'ombe walilazwa humo usiku. Watu walikuwa na vibanda vyao vya mviringo vilivyoshikana na ukingo kwa nje, mlango wa kibanda ukitazama ndani ya zizi. Anayetaka kuiba ng'ombe apite kilango kimoja chembamba, huku wenyewe wamelala hatua chache tu. Wizi wa mifugo haukuanza jana.

Ukiwa unatoka Kisumu, pitia kwanza makumbusho ya kule, uone Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Wengi hukimbilia nyoka na mamba, boma wakalipita kama choo. Simama katikati utazame zizi lilipo na nyumba zilivyolizunguka. Watu ni wengine na ujenzi ni mwingine, lakini ukishazoea kuuliza ng'ombe alilala wapi, mashimo yetu yatakusemesha.

Penye shaka nitasema. Wasirikwa ni nani? Masimulizi ya Wakalenjin huwataja kama watu waliowatangulia kwenye nchi hii. Mazizi yenyewe yalitumika tangu karibu mwaka 1200 hadi miaka ya 1700. Je, lilikuwa kabila lililohama, au ni jina lililobandikwa mtindo wa kufuga ulioachwa, na wenyewe wakabaki hapa hapa kwa majina mengine? Mimi naegemea hilo la pili, lakini kuna wiki naamka nimebadili mawazo. Na yale mashimo madogo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, usiniulize umri wake. Huenda aliyachonga mchungaji wa karne nne zilizopita, huenda kibarua wa mlowezi aliyechoshwa na kondoo. Mwamba hautoi risiti.

Jambo moja tena, kwa sababu hili nalo huchanganywa: makaburi ya kale yaliyo hapa, ambamo wanawake walizikwa na sinia na bakuli za mawe, si ya Wasirikwa. Waliozikwa humo waliwatangulia Wasirikwa kwa zaidi ya miaka elfu. Kilima kimoja, wapangaji wengi.

Ukimaliza mashimo, panda juu kabisa. Utaliona Ziwa Nakuru, ambalo zamani za kale lilifika hadi hapa chini. Pimbi (kwa Kiingereza hyrax) waliokipa kilima jina utawaona ukinyamaza, jambo ambalo kundi la Ijumaa halikuliweza.

Yule mwalimu, baada ya kunisikiliza hadi mwisho mikono kifuani, aliuliza moja tu: "Sasa madam, kwenye mtihani waandike nini?" Nikamwambia waandike zizi. Mtahini akiwakata alama, anipigie simu. Mpaka leo hajapiga.